Hamsini

Mimi ndiye ninayevipanda.
Usiku, lami ikianza kupoa,
tunachimba shimo kando ya Outer Ring,
mimi na Mbithi na karai la saruji,
tunasimamisha nguzo, tunaipimia timazi,
kisha nafunga kibao cheupe chenye duara jekundu:
hamsini.
Gari la kwanza hupita kwa mia na kumi.
Upepo wake hunisalimu kwa kunivua kofia.

Shemeji yangu Mutisya anaendesha lori Ujerumani.
Alinitumia picha ya kibao cha kwao,
cheupe, kimekatwa kwa mistari ya mshazari,
maana yake: kasi ni yako na roho ni yako.
Lakini wa polepole hukaa upande wake, anasema,
na ukimgandama mtu mgongoni
faini hukujia kwa posta, pamoja na picha ya pua yako.
Yeye na lori lake ni themanini tu,
hata angekuwa anakimbilia mazishi.

Mwikali yuko Dammam.
Gari la bosi wake ni la zamani, hulia lenyewe
likivuka mia na ishirini, ti, ti, ti,
kama mtoto aliyeona jambo.
Bosi huongeza redio.

Na mwaka ule tulipokwenda Moshi kumzika mjomba
dereva wetu alikuwa simba hadi kwenye nyumba za kwanza,
hapo akawa kondoo.
Nyuma ya mgomba kulikuwa na trafiki, sare nyeupe pe,
ameshika wanachokiita tochi.
Tochi, jua la saa sita!

Na sisi?
Sisi tunasema kwa taa.
Anayekuja anakukonyeza mara mbili: askari yuko mbele, punguza.
Unapunguza. Unampungia mkono mtu usiyemjua,
ambaye dakika moja kabla
asingekupa hata upenyo wa baiskeli.
Nimesimama kando ya barabara miaka kumi na mmoja,
nimeona tukikonyezana kuepushana na faini.
Sijaona bado anayekonyeza
kwa sababu kuna mtoto anavuka.

Juzi tulirudi penye daraja la miguu.
Nguzo imekatwa kwa msumeno, kisiki cha chuma kinang'aa.
Mbithi akacheka: "Hamsini yako imekimbia."

Jumamosi nikaenda Kamukunji kutafuta jiko.
Nyundo zinalia, masikio yanaomba msamaha.
Fundi Ochola akanitolea moja, nzito, imara,
na tumboni mwake, chini ya masizi ya kujaribia,
nikaona ukingo mwekundu,
na tano yangu.
"Chuma ya serikali hiyo, mzee. Haitoboki."
Alitaka mia tisa. Nikampa mia saba,
wala sikuuliza.

Jioni Mumo alichuchumaa mbele ya moto,
ana miaka sita, anasoma kila kitu,
pakiti ya chumvi, risiti, ukuta wa choo.
Akaweka kidole karibu na bati, akakiondoa.
"Tano," akasema.
Akalizunguka jiko, akachungulia upande wa pili.
"Baba, na sufuri yake iko wapi?"

Nikapuliza makaa yasiyohitaji kupulizwa.
Shule yao iko ng'ambo ya barabara.
Kesho ni Jumatatu.