Ngeli

Saa nne na dakika kumi na moja, Seeb.
Hewa imeshaanza kucheza juu ya lami,
na mimi ndani ya gari la manjano, kioo chini,
chai ya karaki inapoa kwenye dashibodi,
bunduki ya mshindo mtupu mapajani.

Kazi yangu kufukuza.
Tumbusi wa jaani, njiwa, kunguru,
wote nawajua kwa majina,
wao wananijua kwa kelele.

Huyu alikuwa mgeni. Tai wa nyika,
katoka huko theluji inakolala miezi sita
kuja kula mabaki ya biriani yetu.
Hapigi mbawa. Kaegemea hewa
kama mtu aliyeegemea ukuta wa nyumba yake.
Nikafyatua. Hakugeuka.
Na nyuma yangu ndege ya Unguja imeshainua pua.

Kishindo sikukisikia.
Nilisikia injini ya kushoto ikikohoa, mara mbili,
ikatoa ulimi wa moto, mfupi,
kisha Biju kwenye redio, kasahau Kiarabu chote,
anapiga ukelele kwa lugha ya mamaye.

Watu mia na sitini na wawili.
Miongoni mwao khalati Thuwaiba, safu ya kumi na saba,
na kilo nne za halua ya Barka miguuni.
(Baadaye akasema: kulinuka manyoya yaliyobabuka,
nikajua tu leo watatupa kuku.)

Ikazunguka juu ya maji dakika kumi na tisa.
Nilizihesabu nimekamata usukani
wa gari lisilokwenda.
Ikatua.

Ndipo nikatumwa kuokota.
Bawa moja kando ya njia, zima,
zito kuliko nilivyodhani bawa linavyoweza kuwa.
Na ndani ya injini, penye mapanga ya feni,
doa jekundu. Nikalifuta kwa pamba,
nikalitia mfukoni mwa plastiki, nikaandika namba.

Fomu ina lugha mbili.
Kwa Kiingereza ni maneno mawili yasiyosalimiana.
Kwa Kiarabu, ta'ir na ta'ira,
herufi moja tu, mkiani.
Mapanga yaliyopinda: matatu.
Waliopoteza maisha: sifuri.
Kalamu ikakawia kidogo kwenye ile sifuri,
nikatia sahihi.

Usiku mama kanipigia toka Ibra,
habari imeshamfika nusunusu.
"Ndege gani kamgonga ndege gani?"
Nikamwambia, mama,
ndege amekufa, ndege imepona.
Akanyamaza. Nasikia feni ya kwake ikizunguka.
"Maskini," akasema. "Alikuwa anakwenda wapi?"

Nikaanza kujibu: Unguja,
mdomo ukabaki wazi.