Magunia Humeza Mwangwi

Khainza, leo nimeona jina lako ukutani, Barabara ya Naboa,
karatasi iliyobandikwa kwa uji wa muhogo, pembe moja imeshabanduka:
Jumamosi, saa mbili usiku, kiingilio elfu tano,
mwenye gitaa lake aje nalo.
Hukuandika ni muziki gani. Umechoka kueleza.

Zamani ulieleza. Kwa mjomba Mafabi ulisema roki,
akauliza, roketi?
Kwa mtangazaji wa redio ulisema muziki wa mwamba,
akatazama Wanale dirishani, maji yakishuka kama uzi,
akasema, mwamba tunao, tena wa bure,
wewe umeleta nini ndani ya bahasha?
Ulikuwa umeleta wimbo.

Tulirekodi kwenye ghala la kahawa,
mimi, wewe, na Wepukhulu wa ngoma,
wapimaji wakishafunga mizani.
Magunia humeza mwangwi, ulisema,
ukayapanga hadi darini
kama ajengaye nyumba ya watu wasiotaka kusikika.
Amplifaya ulinunua kwa kanisa lililohama,
ukiizima bado inavuma haleluya.
Waya wa besi ulipokatika, ukanifungia wa breki ya baiskeli.
Wimbo wa tatu, dakika ya pili, umeme ukaenda,
nawe ukaendelea, gizani, bila maiki,
Wepukhulu akitwanga gunia kwa ngumi,
kinasa sauti cha betri kikimeza yote,
vumbi la maganda likitupalia.
Kikohozi changu kimo ndani ya rekodi ile.
Huenda ndicho kitu changu bora.

Ulichoma sidii mia mbili.
Arobaini na moja zilinunuliwa.
Nyingine zinafukuza ndege kwenye mahindi ya mama yako, Busiu,
zinang'aa, zinageuka na upepo,
na mama anasema hajawahi kuvuna kama msimu ule.

Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.
Mwenye baa alivuta: piga zile watu wanazozijua.
Mwenye harusi alivuta: punguza, bibi harusi anaumwa kichwa.
Tajiri kutoka Kampala akavuta kwa mikono miwili,
mkataba wa kurasa tisa.
Uliusoma wote umekaa juu ya spika, ukamrudishia kalamu.
Ukurasa wa saba unachukua sauti, ulimwambia,
mimi nibaki na nini, meno?
Nami nilivuta, Khainza.
Mtoto wa pili alikuwa njiani, na ghala lilitaka karani.
Nilikuaga kwa ujumbe wa simu, siku ya mazoezi,
saa ambayo nilijua uko juu ya pikipiki
na besi yangu mgongoni, umetoka kuitengeneza.
Uliiacha kwa askari wa getini. Hukudai pesa za fundi.

Kisha mwaka wa tohara ukafika,
kadodi ikaujaza mji, nani angeita gitaa?
Ukapakia betri ya lori kwenye toroli
ukawafuata wapigaji tangu Malukhu,
ukitafuta mlango ndani ya mdundo wao.
Nilikuona kutoka dirishani.
Watoto walikuzomea hadi Namakwekwe;
darajani, walikuwa wanaruka.
Dereva alinisubiri nimpe risiti.
Nikapiga muhuri, nikapiga muhuri, nikapiga,
akaniuliza, bwana, karatasi moja mihuri mingapi?

Watu wanasema unafundisha wasichana sita, sebuleni,
na mwenye nyumba amepandisha kodi kwa sababu ya kelele.
Wanasema umeanza kuvaa miwani.
Wanasema bado unalipia ukumbi mwenyewe.

Besi iko juu ya kabati.
Nyuzi mbili zimeshika kutu, ile ya breki haijashika.
Ncha za vidole vyangu zimelainika kama za askofu.

Jumamosi ni keshokutwa.
Nimeibonyeza ile pembe ya karatasi, ikakataa;
nikaitia mate, nikaishikilia,
watu wakipita, wakinitazama,
mtu mzima na koti lake, ameegemea ukuta kwa kidole kimoja.