Chupa Mbili Juu ya Paa

Sisi tuliupa jina kwa kuhesabu maradhi.
Ponmalar anauita vembu, wala hahesabu kitu.
Alfajiri, nyuma ya maabara ya chuo, anachuma majani machanga,
yale yenye wekundu kidogo kwenye ncha,
anayaosha mara tatu, anayachemsha
mpaka maji yawe na rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni.

Harufu hiyo anaijua. Bibi yake aliwaogesha nayo
watoto waliopona tetekuwanga.
Leo anaitilia chumvi ya zinki, tone kwa tone,
akisubiri uchungu wa jani uishike metali,
uibane, uikataze kukua.
Mashapo yanatua. Kisha tanuri, nyuzi mia nne.
Kinachotoka ni unga mweupe, mwepesi,
chembe ndogo hata unywele kwazo
ungekuwa barabara kuu.

Baba yake, Sadaiyan, alitia rangi fulana
miaka thelathini na mmoja hapa Tiruppur,
nyekundu za sikukuu zisizo zake,
buluu za timu asizozijua.
Kucha zake hazikurudi tena kuwa kucha.
Wiki ya harusi ya shangazi
kisima kilitoa maji ya zambarau;
wageni walipikiwa kwa maji ya lori.
Hakuna aliyemtazama Sadaiyan. Ndivyo walivyomlaumu.

Jumapili binti anapanda na chupa mbili.
Maji yale yale ya kiwandani:
moja na unga, moja bila.
Jua la Mei linafanya kazi lisilolipwa.
Mzee amekalia ndoo iliyopinduliwa,
anakodoa kama anayechunga maziwa yasifurike.

Saa tano: nyekundu.
Saa sita na nusu: waridi.
Saa nane anauliza
nani kabadilisha chupa.

Hacheki. Anaiinua juani,
anaona kiganja chake upande wa pili,
kucha za buluu nyuma ya maji yasiyo na rangi.
"Na huu unga," anasema, "nani atautoa?"

Ponmalar ana nusu ya jibu.
Sumaku, wakiuchanganya na chuma.
Vichujio, ruzuku ikipita.
Analiandika swali daftarini, chini ya vipimo,
kwa mwandiko ule ule.

Huko chini bomba linakohoa zamu ya mchana.
Chupa ni lita moja. Mto hauna lita.

Mzee anashuka ngazi,
anarudi na gunia tupu la mchele,
anauliza majani yawe yapi,
machanga, au hata yaliyokomaa.