Mgongo Wangu

Sehemu ya kwanza tuliirekodi Ngamiani,
barabara ya kumi na tatu, uani kwa Bi Mwanahawa.
Mzee Birika nilikuwa mimi,
mwenye nyumba anayehesabu hadi njiti za kiberiti.
Nikapiga hodi mara nne.

Baada ya miezi miwili, simu:
"Kaka Sekiondo, sauti unayo, ila sura haichekeshi."
Wakamchukua Mhando wa Chumbageni, yule mwenye pengo.

Jana wameirusha.
Mke wangu kakaanga mihogo, majirani wamejaa hadi barazani.
Sikuwa nimewaambia.

Mhando katokea na kikoi changu,
kile chenye alama ya pasi,
kayasema maneno yangu, watu wakaangua kicheko
palepale nilipodhani watacheka.
Nami nikacheka. Ningefanyaje?
Pengo lile lina kipaji.

Ila pale pa kupiga hodi
hawakurudia.
Mtu anaufuata mlango, katupa kisogo,
bega la kushoto limelala kidogo.
Mwantumu akaacha kutafuna.
"Baba," akasema polepole,
"huyu anagonga kama wewe ukichelewa kurudi."