Ndoo ya Tatu

Newala maji tunanunua.
Ndoo ya kwanza nimemuogesha baba mkwe,
ya pili nimefulia mashuka yake.
Ya tatu ni ya chai. Sijaigusa.

Zamani nikikutana naye njiani
nilivuta kanga, nikainamisha macho.
Sasa usiku namgeuza mara nne;
mgongo wake naujua kuliko wa mwanawe
aliye Tunduru, anayepiga simu
kuuliza, "Amekula?"
Mimi kama nimekula, haulizi.

Korosho zimedondoka;
mvua ikizikuta chini, zitaota.

Nampimia dawa ya maumivu kwa bomba la sindano,
tone lisipotee.
Ananong'ona: "Somoe, mwanangu, nisamehe."
Nasema nimesamehe.

Kisha natoka uani,
nanawa uso
kwa maji ya chai.