Kikokotoo cha Riali Nne

Nilikinunua Ruwi, riali nne kasoro baisa mia,
vitufe vidogo kama punje za komamanga,
na kijitabu cha maelezo kwa lugha saba, yetu haimo.

Usiku huo nikakifunza:
uliza A, uliza B, gawa, rudi mwanzo.
Hatua arubaini tu, hakibebi zaidi.
A ni zamu ya maji ya falaji, B ni warithi.

Kesho yake Ibra, wakili wa falaji, Muhenna,
akakigeuzageuza kama noti asiyoiamini.
"Na hivi vya saini na kosaini?"
"Viache. Mitende haiulizi pembe."
Athari saba, warithi kumi na wawili:
dakika kumi na saba na nusu kila mmoja.
Akahesabu kwa vidole. Akarudia.
Akaguna.

Sasa betri inakwisha, tarakimu zimepauka.
Nikiitoa, vyote vitafutika.
Programu si kitu, naijua kwa moyo.
Lakini ndani ya D
imo bado zamu ya shangazi Zuwaina,
aliyetutoka Shaabani: athari mbili,
sijaigawa.

Basi nikimaliza hesabu nakizima upesi,
polepole kidole,
kama anayefunga mlango
wa chumba alimolala mtu.