Mpini wa Ufagio

Ulilileta Kizota saa nne asubuhi,
gari dogo lisilo na paa, milango miwili,
vumbi limetulia kwenye viti kama unga wa uwele.
Ukasema, "Fundi Msanjila, nataka bomba nyuma ya kiti.
Liwe jembamba. Ling'ae. Lisiharibu umbo."

Nikakuuliza unakwenda nalo wapi.
Ule uwanja wa ndege uliokufa, ukasema, upande wa Kongwa.
Mmepanga matairi, mmechora chokaa,
Jumamosi mtazunguka mkishindana na saa.

Basi kaa, Damari.
Si kwenye benchi la wateja. Kaa kwenye usukani.
Vaa helmeti, funga mkanda, nyoosha mgongo,
usijikunyate, hakuna anayekumbuka kujikunyata kwenye kona.
Mbeleje, mke wangu, nipe huo ufagio.

Nikaulaza mpini:
ncha moja pale ambapo bomba lako jembamba lingeishia,
ncha nyingine juu ya fremu ya kioo cha mbele.
Ukagonga helmeti. Ko.
Ukacheka.
"Umesikia?" nikasema. "Hapo ndipo ardhi itakapopita."

Kuna kijana wa Makole, Lechipya.
Naye alitaka linalong'aa, nami mwaka ule nilichomelea chochote.
Nikampa bomba la maji, lenye mshono,
nikalichomelea kwenye bati la sakafu, bati tupu,
nikapaka rangi ya fedha. Likapendeza.
Gari lilipopinduka bomba halikukatika.
Lilitoboa sakafu, likazama
kama mguu wa ng'ombe kwenye tope la mbuga.
Alipona. Anatembea. Shingo haigeuki.
Nikimwita sokoni Majengo
anageuka mwili mzima, taratibu, kama mlango,
nami nangoja pale, na salamu yangu mdomoni.

Kwa hiyo sikia bei kabla hujanuna.
Bomba lisilo na mshono, nene, nalifuata Dar mwenyewe.
Nalipinda kwa mashine, si kwa moto na nyundo;
likifanya makunyanzi kwenye kona, nalitupa.
Kila mguu na sahani yake,
na chini ya sakafu sahani nyingine, boliti zipite katikati.
Ufito wa mshazari, bega hadi nyonga.
Na miguu miwili ya kuegemea nyuma. Wewe una zabibu Mpunguzi, unajua:
nguzo ya mwisho ya mstari haisimami bila mwegamo,
waya wote unaivuta yenyewe.
Sponji gumu kichwani, si la godoro.
Kizima moto mahali utakapofika ukiwa miguu juu.
Na kamba fupi za vifundo vya mikono,
maana mkono una ujinga wake:
gari likilala, unatoka nje kwenda kuizuia dunia.

"Litakuwa baya," ukasema.
Litakuwa baya.

Siku tisa. Ya kumi nikauomba tena ufagio.
Kati ya mpini na helmeti vikapita vidole vitatu vya hewa.
Ulinilipa nusu, nusu ukaahidi baada ya mavuno.

Jumamosi nilikuwa na geti la mtu wa Ipagala.
Upepo ulipiga, mabati ya karakana yakapiga kelele,
na kila simu ilipolia mkono wangu ulichelewa,
moto ukala chuma hadi upande wa pili.

Jioni ikaingia meseji.
Picha: uso mwekundu kwa vumbi, meno tu,
na nyuma yako bomba, bila mkwaruzo.
"Fundi, kitu chako hakikufanya kazi yoyote."

Nilimsomea Mbeleje mara mbili.
Akaniuliza ufagio wake uko wapi.

Geti la Ipagala lina matundu manne.
Nitayaziba kesho. Hayo sidai.